Chumvi Ambayo Haikuwa Yangu

Mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi, ninyi mnaobaki pale ofisini, na mmoja wenu akaongeza kwa upole kwamba nisiwe mrefu. Nitajaribu. Nani alipandishwa na nani alilipwa vipi nitayaruka, maana hayakunifundisha kuandika hata ukurasa mmoja. Nitasema nilivyoanza, nani alinifunza, na ubaya mmoja nilioufanya nikiwa tayari naijua kazi. Watu wanaponisifu mbele yenu kwa ajili ya ile filamu ya dada wawili wa Isipingo, mjue ni kitu gani mnachokisikia.

Nilifika Durban kutoka Bukavu nikiwa mwalimu wa Kifaransa, na hapa hakuna aliyekihitaji Kifaransa changu. Nikapata kazi katika duka la fotokopi chini ya jengo moja la mtaa wa Albert Park. Nilichapa barua za kuomba kazi, viapo vya kupeleka polisi, matangazo ya kanisa, kadi za harusi. Mnaoniuliza nilijifunzia wapi kuandika mazungumzo, nilijifunzia pale. Mtu akisimama mbele yako kukueleza aandikiwe nini, utasikia anachotaka kusema na utasikia anachosema, na mara nyingi ni vitu viwili visivyojuana.

Mzee Hirata aliingia dukani siku ya mvua, karatasi zake kazifunga ndani ya mfuko wa mkate. Alikuwa Mjapani mwembamba wa miaka sitini na kitu. Binti yake alifundisha chuo kikuu hapa, naye alikuwa amemfuata baada ya kufiwa na mke, akapanga fleti juu mlimani, mtaa wa Berea. Kwao alikuwa ameandika filamu maisha yake yote, na karibu zote alizitoa ndani ya riwaya za watu wengine. Karatasi zake zilichorwa vijumba vidogo, kila kijumba cha kuandikia herufi moja ya Kijapani. Yeye alikuwa ameandika Kiingereza humo kwa penseli, herufi moja kijumba kimoja, kama mtu anayepanda maharage.

Alitaka nichape, nikachapa. Ilikuwa riwaya ya kwao, ya muuza samaki, ambayo alikuwa ameihamishia Durban. Ndani yake kulikuwa na Mkongomani anayelinda magari barabarani, na huyo mlinzi alimwambia mwenye gari: "Bwana, naomba uniruhusu nilitunze gari lako mpaka utakaporudi." Nusu ya wanaume wa jengo letu walikuwa walinzi wa magari. Nilifuta sentensi yote nikaweka: "Iko sawa, boss."

Kesho yake alirudi na ukurasa ule mkononi.

"Hapa umebadilisha," akasema. Tuliongea Kiingereza, changu kibovu na chake kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

"Ndiyo, mzee. Mtu hasemi vile."

"Kazi yako ni kujua mtu anasemaje?"

"Hapana. Kazi yangu ni kuchapa."

Akaukunja ukurasa ule mara mbili. "Siku gani huchapi?"

Jumamosi nikapanda Berea. Alikuwa ametandaza kadi sakafu nzima, kila kadi tukio moja la hadithi, na tukavua viatu ili tupite katikati. Hata chai hajanikaribisha, tumbili wawili wakaingia dirishani. Mmoja alichukua ndizi, mwingine akachukua kadi, akakaa nayo juu ya ukuta wa jirani akiitafuna pembe.

"Ni ipi ile?" Mzee akauliza.

Nikazipitia zilizobaki. "Ya harusi."

Tukasoma kadi zote upya, kutoka mlangoni mpaka dirishani, bila harusi. Hadithi ilikwenda. Hatukuiandika tena kadi ile, na hilo lilikuwa somo langu la kwanza. Hapa nawakumbusha wale wenu ambao mkikatiwa tukio mnanuna wiki mbili.

Namna yake ya kufanya kazi mnaijua, kwa sababu ndiyo niliyowafundisha nikijifanya ni yangu. Riwaya anaisoma mara tatu. Mara ya kwanza hashiki penseli. Mara ya pili anapiga mstari chini ya yale tu yanayoweza kuonekana kwa macho: mtu anafunga mlango, mtu anakunja shati. Mara ya tatu anasoma haraka, halafu anafungia kitabu kabatini kwa siku kumi na kuandika yale yaliyobaki kichwani. Alisema kisichobaki kichwani kwa siku kumi hakitabaki kwa mtazamaji kwa saa mbili. Kadi alizibana kwa vibanio vya nguo, maana unyevunyevu wa Durban unakunja karatasi kama jani la ndizi juu ya moto.

Naye alikuwa ameanza chini kabisa. Kwao, alinisimulia, mwandishi mkubwa alijifungia katika nyumba ya wageni na wanafunzi wake mpaka skripti iishe, na yeye alikaa miaka mitatu akichonga penseli, akimimina chai na kunakili kwa hati safi kurasa za mwalimu. Katika miaka hiyo mitatu hakuambiwa kwamba amefanya vizuri hata mara moja. Aliyasimulia haya akicheka. Mimi sikucheka, maana nilianza kuona nami nilikuwa njiani kuelekea huko.

Kwa maana wivu, wenzangu, katika kazi hii upo tangu asubuhi. Kitabu ni cha mtu mwingine, na picha ni za mtu mwingine. Filamu ikipendwa, sifa ni za mwongozaji. Isipopendwa, wanasema skripti iliharibu kitabu kizuri. Mimi niliwaonea wivu wenye vitabu, niliwaonea wivu waigizaji waliosema maneno yangu kama waliyapata njiani, na nilimwonea wivu Mzee mwenyewe kwa mkono wake usiosita. Huo ni wivu wa kazi, unaishi nao kama maumivu ya mgongo. Nitakaowaeleza sasa ulikuwa mwingine.

Mzee alisoma kurasa zangu daima na penseli mkononi. Nilikuja kujua kutoka kwa binti yake kwamba ukurasa ukimshika kweli anailaza penseli mezani bila kujua. Nilifanya naye kazi karibu miaka kumi. Niliacha duka la fotokopi, kampuni ndogo ya filamu ikatuajiri wote wawili, jina langu likaandikwa chini ya lake. Penseli haikulala.

Halafu simu ya Mzee ikafa, na mimi mwenyewe, kwa miguu yangu miwili, nikampeleka kwa Révérien.

Révérien alikuwa Mrundi wa umri wangu, pungufu kidogo, mwenye mke na watoto wawili, fundi wa simu katika lile jengo langu la zamani. Tulifahamiana tangu nilipokuwa nachapa. Aliniita dada Domi, na alinitengenezea radio yangu bila kunisumbua. Wakati anafungua simu ya Mzee alizitazama karatasi zilizokuwa mezani, akauliza ni za nini, nikamwambia ni filamu. Akaomba ukurasa mmoja. Ulikuwa wangu.

"Huyu mama anaeleza mingi," akasema, huku bado anashika bisibisi. "Mtu mwenye hasira haelezi. Anaosha vyombo."

Mzee akaniuliza kasema nini, nikamtafsiria. Kosa la pili la siku ile.

Wakati huo tulikuwa tumekwama na kitabu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kushika. Kilikuwa cha Auntie Saroj, mama wa Kihindi mwenye umri mkubwa anayekaa Isipingo, kusini mwa jiji, aliyeshona kiwandani miaka yake yote na kuandika riwaya moja tu. Ilihusu dada wawili waliogombana siku ya mazishi ya baba yao na kukaa miaka kumi na moja katika nyumba moja, jiko moja, bila kusemeshana. Riwaya yote ilikuwa mawazo ya dada mkubwa. Sasa niambieni, mnapiga picha gani ya watu wawili wasiosema kitu? Nilikuwa nimeandika kurasa nne za jirani anayekuja kueleza ugomvi. Nilizipenda kurasa zile.

Mzee akamwalika Révérien Jumamosi. Akaja na shati la kanisani, akasikiliza hadithi yote mara moja, akarudi dukani kwake. Wiki iliyofuata alileta nusu ukurasa, nyuma ya risiti ya mteja. Dada mkubwa anaingia jikoni mdogo akiwa hayupo. Anafunua sufuria ya mdogo, anaonja, anatia chumvi, anafunika, anatoka. Mdogo anarudi, anaonja, anasimama kidogo. Anakula. Kesho yake mdogo anapika tena na kuondoka, na kando ya sufuria ameacha mkebe wa chumvi, wazi.

Basi. Hakuna neno hata moja.

Mzee alisoma risiti ile, na penseli ikalala mezani. Ilibingirika mpaka ikaanguka chini na hakuisikia. Mimi niliisikia. Niliinama nikaiokota, nikaiweka mahali pake, nikasema, "Ni nzuri sana." Sauti yangu ilitoka sawa. Ndani nilikuwa nimeungua.

Kuanzia hapo Révérien alikuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilihesabu. Mzee alimmiminia chai kwanza. Mzee alicheka. Mzee alimwuliza juu ya watoto wake, majina yao, wanasoma wapi. Watoto wangu alikuwa anawajua, lakini nikaanza kufikiri hakuwahi kuwauliza kwa sauti ile. Nyumbani nilijaribu kuandika nusu ukurasa bila maneno. Niliandika watu wanaoosha, watu wanaokunja, watu wanaofagia. Vyote vilionekana ni mtu anayemwiga Révérien.

Ikaja siku ya kukata. Kitabu kilikuwa na sura ndefu ya kifo cha mama wa wale dada. Révérien akasema, "Hii sura ni nzuri, lakini inatusimamisha. Tukiitoa, wale dada wanabaki peke yao mapema." Mzee akakubali. Akanigeukia. Nami nikasema, "Sharp, tuitoe." Nakumbuka neno lenyewe, ile "sawa" ya Durban, kwa sababu ndilo nililolificha baadaye.

Wiki hiyo nilitumwa Isipingo kumwuliza Auntie Saroj juu ya cherehani za kiwandani. Nilipanda taxi, nikatembea kutoka kituoni, nikampata barazani akichambua dengu. Alinijibu yote. Halafu akaniuliza, "Na mama yangu? Mmemwekaje?"

Sura ile ilikuwa ya mama yake mzazi. Nilikuwa sijui.

Ningeweza kusema tumeamua. Ningeweza kusema bado tunafikiri. Nilisema, "Auntie, yule Révérien ameitoa. Anasema haina kazi."

Aliziacha dengu. "Haina kazi?"

"Ndivyo anavyoona yeye."

Hakuna mahali niliposema uongo kamili. Mnaojua kazi yetu mnafahamu kwamba unaweza kuua mtu kwa kukata tu. Auntie aliandika barua kwa kampuni kwa mkono wake: yule bwana asikiguse kitabu chake, la sivyo yeye mwenyewe atakichukua akirudishe kabatini. Kampuni iliogopa kukosa kitabu. Mzee alikwenda kumwomba mara mbili, akarudi mikono mitupu. Sura ikarudishwa kwa kifupi, Révérien akaondolewa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta, nilitumwa mimi kumwambia.

Nilimkuta anasafisha simu iliyoanguka majini.

"Auntie hataki," nikasema. "Ni ile sura."

"Nilisema ni nzuri. Ulimwambia nilisema ni nzuri?"

"Hasikii, Révérien. Ni mtu mzima, ameumia."

Aliendelea kusafisha na brashi yake. "Sawa, dada Domi. Simu ziko mingi." Hakunitazama tena, nami nikatoka nikiwa mwepesi. Nawaambia kama ilivyokuwa: nilikuwa mwepesi, na mpaka robot ya kwanza, zile taa za barabarani, nilikuwa natembea kama msichana.

Filamu ikatengenezwa. Tukio la chumvi lilibaki, kwa sababu hata mwendawazimu asingelitoa. Mimi niliongeza kitu kimoja. Dada mkubwa anaingia, anauona mkebe, anatia chumvi, anaonja tena na kutabasamu. Mzee aliniuliza, "Hilo tabasamu ni la lazima?" Nikasema ni la lazima. Nilitaka humo ndani pawe na kitu changu. Akaniachia.

Siku ya kuionyesha mara ya kwanza, ukumbi ulilia pale penye chumvi. Taa zilipowashwa Auntie Saroj alinishika mikono yote miwili. "Hiyo chumvi haimo kitabuni," akasema. "Lakini dada yangu alikuwa akinifanyia vile vile. Ulijuaje, mtoto wangu?"

Mzee alikuwa amesimama karibu, umbali wa kiti kimoja.

"Asante, Auntie," nikasema.

Mzee hakusema chochote, siku ile wala Jumamosi iliyofuata. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine saba, riwaya baada ya riwaya. Nilipata nilichokitaka: chai ilimiminwa yangu kwanza, maana hakukuwa na mwingine. Watu walinialika kuzungumza juu ya tukio la chumvi, kwa wanafunzi, kwenye radio, na nilikuwa na maelezo mazuri sana juu ya ukimya. Baadhi yenu mliyaandika kwenye madaftari.

Miguu ya Mzee ilipochoka na binti yake akaamua kumrudisha kwao, nilikwenda kumsaidia kufunga vitabu. Alikuwa amekaa juu ya sanduku akinionyesha kipi kiende na kipi kibaki.

"Domitila-san," akasema, akiniita kwa heshima ya kwao, "Révérien unamwona?"

"Simwoni, mzee. Amehamia Isipingo, nasikia."

"Ndiyo, karibu na kituo cha taxi. Ninakwenda kwake kila mwezi. Simu yangu haina tatizo. Ninakwenda tu."

Nikaendelea kupanga vitabu. Miaka saba. Kila mwezi. Mimi nilidhani nimemtoa, kumbe nilikuwa nimempa Mzee mahali pa kwenda bila mimi.

"Mnaongea nini?" nikauliza.

"Hadithi. Ananiambia za wateja. Wakati mwingine anaandika."

"Aliwahi kukuuliza nani alimwambia Auntie?"

"Hakuniuliza, nami sikumwambia." Akanitazama. Alikuwa anajua tangu mwanzo, nikaona. "Mimi kwa mwalimu wangu nilikuwa na mwenzangu mmoja," akasema, kisha akakiangalia kitabu nilichoshika. "Hicho kibaki." Sikujua kamwe alitaka kusema nini juu ya mwenzake yule. Alifariki kwao mwaka uliofuata, na nilipopata habari, kitu cha kwanza nilichojiuliza ni kama Révérien aliambiwa kabla yangu. Alikuwa ameambiwa.

Nilifanya kazi miaka mitano baada yake, na hiyo mnaijua. Mwezi uliopita mliniaga kwa keki, na mwongozaji wetu akasimama akasifu chumvi. Nilirudi nyumbani na keki iliyobaki sikuweza kuila. Jumanne nikapanda taxi ya Isipingo.

Duka lake ni dogo, lina kaunta ya kioo na taa ya kushusha. Amenenepa, amevaa miwani. Alinitambua papo hapo.

"Dada Domi. Karibu. Imeharibika nini?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu penseli mpaka barazani kwa Auntie, hata ile sharp yangu. Mteja aliingia katikati akauliza chaja, akauziwa, akatoka, nikaendelea. Révérien alinisikiliza akiwa ameweka mikono yote miwili juu ya kioo.

"Nilikuwa najua," akasema. "Auntie Saroj alikuwa mteja wangu hapa, mpaka alipokufa. Alikuja na kioo cha simu kimepasuka, akaona jina langu mlangoni, akaanza kunigombeza. Tukaongea. Akaniomba msamaha kabla sijamaliza kufunga kioo."

"Ulimwambia chumvi ilikuwa yako?"

"Hapana. Nilikuwa na hasira mingi, na nilitaka wewe mwenyewe ndiyo umwambie. Nilikungoja." Akavua miwani akaifuta. "Ulinifanyia vibaya, dada. Sitasema ni kidogo."

"Sikuja useme ni kidogo."

"Basi kaa."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilitegemea nitalia, sikulia. Nilimwuliza kama aliiona filamu, akasema hapana, hakutaka hata mara moja. Nikaitoa kwenye simu yangu, nikaitafuta ile sehemu, nikamwekea kati yetu juu ya kaunta. Aliitazama na uso wa kazi, uso ule ule wa kutafuta waya uliokatika. Mkebe ukaonekana, dada mkubwa akatia chumvi, akaonja, akatabasamu.

Révérien akabonyeza ikasimama. "Hii mliiongeza."

"Ndiyo."

"Akishauona mkebe, imetosha. Kata pale. Anacheka ya nini? Sisi tumeshaelewa."

Alisema kweli. Miaka kumi na miwili tukio lile lilikuwa na uvimbe, na uvimbe ulikuwa wangu, na yeye aliuona kwa kutazama mara moja, kwenye simu, mchana, mtu anagonga kaunta akitaka kifuniko cha simu yake. Nilikuwa nimekwenda kutubu na nilikuwa nimetubu kweli, lakini wivu ukanipanda tena, mbichi kama Jumamosi ile ya risiti.

Nimekwisha kuiandikia kampuni jina lake liwekwe panapostahili. Wamenijibu wanatafakari. Wasumbueni. Nikamwuliza pia Révérien kama atakubali kuja kwenu, awasomee kurasa zenu. Akaniuliza kama nami nitakuwepo, nikasema hapana. Akasema basi atajaribu.

Anakuja Jumamosi. Atakaa kwenye kile kiti cha dirishani, kilichokuwa changu. Mmiminieni chai. Akiwaambia mlikate tukio, kateni, hata mlipende namna gani. Na jioni msinipigie simu kunieleza alivyo mzuri. Mimi ndiye niliyemleta, mara mbili sasa, na sifa zake bado siwezi kuzisikia.